Swali la Tisa

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, na maswali yake mengi hayakuwa na neno. Majina matatu. Namba ya kazi. Umeanza lini. Umewahi kupewa onyo. Swali la sita lilitaka kujua mfanyakazi anategemewa na watu wangapi, na hilo watu walilijibu wakicheka, maana nafasi iliyoachwa ilitosha tarakimu moja tu. Lililowafanya watu mia nne wa shamba la maua waache kucheka na kutafuta mahali pa kukaa lilikuwa swali la tisa.

"Je, una mume, mke au mchumba anayefanya kazi katika shamba hili? Kama unaye, mtaje."

Kila mtu alijua linakoelekea. Wiki iliyotangulia meneja alipanda juu ya kreti katika ukumbi wa kupangia maua, akaeleza kwamba benki kubwa za nchi za mbali, kule maua yanakouzwa, zimeanguka moja baada ya nyingine. Watu wa huko wanafungiwa nyumba zao na kuachishwa kazi kwa maelfu, na mtu aliyefungiwa nyumba hanunui waridi la kuweka mezani. Hakuna aliyemwuliza swali. Ushahidi walikuwa nao. Ndege ya mizigo iliyokuwa ikija kila siku sasa ilikuja mara mbili kwa wiki, na nyuma ya mabanda palikuwa na shimo la mbolea lililojaa mawaridi mekundu mpaka likawa kilima. Mwanzoni wafanyakazi walibeba maua kwenda nayo nyumbani. Siku ya nne hakuna aliyeyataka, na mbuzi wa jirani nao waliyachoka.

"Hatutaki nyumba yoyote ilale njaa," alisema meneja pale juu ya kreti, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Penye wawili wanaofanya kazi hapa, mmoja atabaki na mmoja ataondoka. Wachague wenyewe. Anayeondoka atapewa kiinua mgongo chake. Ila atakayedanganya kwenye fomu ataondoka mikono mitupu."

Binti wa meza ya tatu, ambaye shamba zima lilimwita Rula kwa sababu alipima shina la ua kwa jicho bila kukosea hata nusu sentimita, aliandika kwenye swali la sita: wawili. Hao walikuwa bibi yake na mdogo wake wa kike aliyekuwa shule. Alipofika swali la tisa aliandika bila kuinua kalamu: ninaye, mchumba, na majina matatu ya kijana wa chumba cha baridi.

Asubuhi hiyohiyo, upande wa pili wa ukuta, kijana wa chumba cha baridi aliandika: sina.

Hawakuulizana. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na lilikuwa la wote wawili. Rula aliona hakuna cha kuuliza, na mwenzake naye aliona hivyohivyo.

Kijana huyo walimwita Barafu. Alishinda siku nzima ndani ya koti zito, akipokea mabunda ya maua kutoka ukumbini na kuyapanga kwenye rafu, na alipotoka nje kwenye jua ilimchukua muda kabla midomo yake haijakubali kusema. Wengine walidhani ana maringo. Kumbe alikuwa mpole tu, mrefu, na mwenye macho yaliyotulia kwa mtu kuliko ilivyo kawaida.

Mapenzi yao yalianza kwa karatasi ya uongo, na pengine Rula alipaswa kulikumbuka hilo mapema. Kila bunda la mashina ishirini lilibandikwa namba ya aliyelifunga, ili likiwa na kasoro ajulikane. Namba ya Rula ilikuwa 47. Kwa miaka mitano hakuna bunda lake lililorudishwa, mpaka siku moja lilipoletwa moja likiwa na karatasi: "Namba 47. Shina moja fupi. Rekebisha." Rula alipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Alilichukua bunda, akaenda nalo chumba cha baridi bila hata koti, akalifungua mbele ya yule kijana na kuyalaza mashina yote ishirini kwenye ubao wa kupimia, moja moja.

"Lipi fupi?" aliuliza.

"Hakuna," alijibu Barafu.

"Sasa uliandika nini?"

"Nimeiona namba 47 mwaka mzima. Nikataka kumwona mwenye namba."

Rula alikuwa anatetemeka, akajiambia ni baridi. Barafu alivua koti lake, akamvisha. Kesho yake ilikuja karatasi nyingine: "Namba 47. Mashina mawili mafupi." Kufikia mwisho wa mwezi namba 47 ilikuwa na makosa mengi kuliko ukumbi mzima, na hakuna shina hata moja lililokuwa fupi.

Barafu alipoona vidole vya Rula vilivyochomwachomwa na miiba, alimletea glavu za sufu za kuvaa ndani ya zile za mpira. Watu wa Barafu walikuja nyumbani kwa kina Rula kuzungumza, mazungumzo yakaenda vizuri, na ndoa ikapangiwa mwezi. Mmoja tu hakufurahi. Huyo alikuwa dada wa marehemu baba yake Rula, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba, na ambaye pia alikuwa msimamizi wa ukumbi wa kupangia maua. Kwa sababu Rula alimwita Shangazi, shamba zima lilimwita Shangazi, pamoja na meneja.

"Sina ubaya naye," Shangazi alisema siku ile wageni walipoondoka. "Ni mpole. Tatizo langu ni hilohilo. Mwanamume mpole kiasi kile, siku utakapohitaji aseme neno, ataangalia viatu vyake."

"Shangazi, hujui anavyoongea tukiwa wawili."

"Wawili hata mimi naongea. Nakwambia siku ya watu."

Siku ya watu ilikuja Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi.

Afisa wa wafanyakazi alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bibi Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya nywele, na hakuna aliyewahi kumwona akibadilisha. Ofisi yake ilikuwa na kabati la chuma, kiti kimoja cha mgeni, na dirisha lililotazama lile shimo la mbolea. Rula alipoingia alimkuta Barafu amesimama kando ya kabati, kofia mkononi. Alimtabasamia. Barafu alijaribu kulirudisha tabasamu hilo, likamfia njiani.

"Kaeni," alisema Bibi Miwani, kisha akakumbuka kiti ni kimoja. "Basi simameni."

Alizilaza fomu mbili mezani, akazigeuza ziwaelekee, akaweka kidole kwenye swali la tisa la kwanza, kisha la pili.

"Someni."

Rula alisoma fomu yake. Akasoma ya pili. Mwandiko ulikuwa ni uleule wa karatasi alizokuwa amezitunza kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, na herufi zilikuwa zimeegemea kushoto kama kawaida. Sina. Neno dogo, na ameliandika vizuri.

Iliuma. Hakulia wala hakuhema, na hakuna aliyekuwa anamtazama ambaye angejua.

"Mmoja kati yenu amedanganya," alisema Bibi Miwani. "Sifurahii hili. Nina nyumba kumi na nne za mume na mke za kuzigawanya wiki hii, na nyinyi mnaniletea kitendawili. Saa nne meneja anataka majibu. Nani?"

Rula alimtazama Barafu. Barafu aliangalia viatu vyake.

Kulikuwa na saa ya ukutani, na ilisikika. Kulikuwa na toroli likipita nje, gurudumu lake moja likilia. Barafu alifungua kinywa.

"Mama, mimi naona labda kuna kutoelewana kidogo."

"Kutoelewana kupi? Swali linauliza unaye au huna."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo unaye?"

Barafu aliikunja kofia, akaikunjua, akaikunja tena.

Rula alikuwa na akili ya kupima haraka, ndiyo iliyomlisha. Akapima. Barafu akisema amedanganya, anaondoka mikono mitupu, na nyumbani ana mama mwenye kisukari asiyeweza kukosa dawa hata juma moja. Akisema yeye Rula ndiye mwongo, basi ni yeye anayeondoka, na mdogo wake anarudi nyumbani na begi lake. Alimpa Barafu muda mwingine. Alimpa muda mrefu, kwa kweli, kuliko aliompa mtu yeyote maishani. Kisha akageukia meza.

"Hakuna aliyedanganya, mama," alisema. "Mimi nilidhani nina mchumba. Nilikosea."

Bibi Miwani aliinua uso.

"Ulikosea?"

"Ndiyo. Kukosea si kudanganya. Au na hilo limo kwenye masharti yenu?"

"Halimo," alisema Bibi Miwani polepole. Akamtazama binti yule kwa muda, kisha akamgeukia kijana. "Wewe. Ni kweli anayosema? Hakuna kitu kati yenu?"

Rula hakumtazama. Alitazama nje ya dirisha, kwenye kilima cha mawaridi, na akasikia saa ikigonga mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Ni kweli, mama," alisema Barafu.

Bibi Miwani alisukuma kalamu mbele. Rula alikata mstari kwenye jibu lake, akaandika sina, akatia sahihi pembeni.

Barafu alimkimbilia karibu na mabomba ya kuoshea ndoo. Alikuwa anahema, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyetolewa majini.

"Rula! Umetuokoa. Wallahi umetuokoa wote wawili. Mimi akili ilikuwa imesimama kabisa, sijui ningesema nini."

"Najua hukujua."

"Sasa tunatulia. Miezi sita, labda mwaka. Hizo benki zao zikisimama tena, ndege zikirudi, tunafunga ndoa yetu vilevile. Ni karatasi tu ile."

"Na pale ofisini ilikuwa karatasi?"

"Pale ofisini nilifanya kama ulivyotaka! Wewe ndiye uliyesema hakuna kitu."

"Nilisema nilikosea," alisema Rula. "Wewe ndiye uliyeulizwa kama ni kweli."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bomba moja lisilofunga vizuri, na Rula alinyoosha mkono akalikaza.

"Ulitaka niseme nini?" Barafu aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini. "Ningesema ukweli, ningefukuzwa. Mama yangu unamjua. Wewe ungefurahi?"

"Nisingefurahi."

"Ungekasirika."

"Ningekasirika sana. Ningekutukana pale pale."

"Sasa hasira hizi za nini?"

"Sina hasira, Barafu. Tazama uso wangu. Una hasira huu?"

Hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomtisha Barafu. Alikuwa anamwangalia vile alivyoangalia mashina mezani, kwa utulivu, akijua tayari ni ya kundi gani.

"Kwa nini hukuniuliza kabla ya kuandika?" alijitetea.

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona hakuna cha kuuliza. Nilikuwa nakufikiria wewe. Wewe na mdogo wako na mama. Nikasema tukionekana hatujuani, tunabaki wote."

"Mimi pia niliona hakuna cha kuuliza," alisema Rula. "Waliniuliza kama nina mchumba. Nilikuwa naye."

Alivua glavu za mpira. Akavua na zile za sufu zilizokuwa ndani, akazikung'uta, akazipanga kidole kwa kidole na kumwekea mkononi.

"Hizi ni mali ya chumba cha baridi."

"Rula, acha hayo."

"Miiba siiogopi. Niliizoea kabla yako."

Akaondoka zake kuelekea ukumbini. Hakugeuka nyuma, ingawa alitaka, na mwenye kutaka kujua alitaka kiasi gani angeziuliza ngazi tatu za ukumbi, ambazo alizipanda mara mbili kwa sababu ya kwanza alikosea mlango.

Shangazi hakuhitaji kuambiwa. Habari za ofisi ya Bibi Miwani zilifika meza ya kwanza kabla ya wenyewe kufika. Alimsubiri mpwa wake wakati wa chakula cha mchana, akamvuta nyuma ya rundo la maboksi matupu ambayo hayakuwa na pa kwenda.

"Haya, sema. Alifanyaje?"

"Aliangalia viatu vyake."

Rula alijiandaa kusikia nilikwambia. Shangazi alifungua kinywa, akamwona usoni, akakifunga. Akamtoa jani la waridi lililonasa kwenye nywele.

"Kwani ulitaka afukuzwe?"

"Sikutaka."

"Sasa ulitaka nini, mwanangu?"

"Nilitaka atake," alisema Rula. "Angejitokeza tu kidogo, ningemziba mdomo mwenyewe. Ningesema yote niliyosema. Lakini angekuwa amefungua kinywa."

Shangazi alifikiri.

"Hilo ni dogo sana la kumwachia mtu," alisema.

"Ni dogo. Ndiyo maana sielewi kwa nini hakuliweza."

Jumatano Barafu aliingia ukumbini na toroli kuchukua mabunda. Kwa kawaida toroli lilianzia meza ya kwanza. Siku hiyo lilinyoosha moja kwa moja hadi ya tatu, na wanawake sitini wakapunguza kelele bila kuambiana. Aliinama kana kwamba anaokota bunda.

"Jioni nakusubiri pale getini," alinong'ona. "Tafadhali. Dakika tano tu."

Rula aliweka shina mezani. Akamtazama kuanzia kofia hadi buti, kwa adabu, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni.

"Samahani, kaka," alisema kwa sauti iliyofika hadi meza ya mwisho. "Tunafahamiana?"

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Barafu alisimama wima. Damu ilimpanda usoni, kijana ambaye hata siku za joto kali uso wake haukuwahi kuiva. Aliyapakia mabunda ya meza ya tatu moja baada ya jingine, bila haraka, akalisukuma toroli nje. Rula aliendelea na kazi. Bunda alilofunga baada ya hapo lilikuwa na mashina kumi na tisa, na hakuna aliyelirudisha.

Alhamisi toroli lilisukumwa na mtu mwingine. Rula hakuuliza. Alijiambia hataki kujua, na kila mlango ulipofunguka alitazama.

Orodha ilibandikwa Ijumaa saa sita mchana, kwenye ubao wa matangazo kando ya ofisi. Zilikuwa karatasi mbili, wanaobaki na wanaoondoka, namba tu bila majina, na kando ya kila anayeondoka palikuwa na sababu. Watu walijipanga foleni kwa ukimya ambao shamba lile halikuwahi kuuona hata siku ya mshahara kuchelewa. Mwanamke mmoja wa meza ya pili alisoma, akaenda kukaa chini ya ukuta, na mumewe wa mabanda akaenda akakaa kando yake. Walikuwa wamechaguana mapema, yeye ndiye aondoke, na bado ilikuwa vigumu.

Rula alifika mbele. Kwenye karatasi ya wanaobaki alitafuta 47, akaiona kati ya 45 na 50. Alishusha pumzi. Angeweza kutoka kwenye foleni hapo hapo. Ila Shangazi, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa tayari kwenye karatasi ya pili, na Shangazi hakujua kusoma kimyakimya.

"Namba 98, amejitolea. Namba 103, mke wa namba 20. Namba 112." Shangazi alisita. Akasogeza uso karibu na ubao. "Namba 112. Mchumba wa namba 47. Swali la tisa."

Foleni nzima ilisikia. Rula alisoma mwenyewe. Orodha yote ilikuwa imechapwa kwa mashine, lakini mstari ule ulikuwa umeongezwa kwa kalamu, na herufi zake zilikuwa zimeegemea kushoto.

"Amekuja jana kabla sijafungua mlango," ilisema sauti pembeni. Bibi Miwani alikuwa amesimama kizingitini mwa ofisi yake na kikombe cha chai. "Akaomba fomu mpya. Nikamwambia fomu ya pili haitolewi. Akaomba ya kwanza airekebishe. Nikamwambia, kijana, ukiigusa tu unaondoka, maana bila hivyo wote mnabaki. Akasema anajua kusoma. Nikamwuliza na binti je, aliyesema alikosea? Akasema huyo alisema hivyo kwa sababu yake, na kama kuna wa kulaumiwa ni yeye."

"Na kiinua mgongo chake?" aliuliza Shangazi, ambaye hata kwenye machozi aliona mbele.

"Atapata. Mdanganyifu ndiye anayekosa. Huyu alikosea, akarekebisha kabla ya orodha. Kukosea si kudanganya. Kuna mtu alinifundisha Jumanne." Alikunywa chai. "Huo mstari aliomba auandike kwa mkono wake. Nikaona hauna madhara."

Rula alitoka kwenye foleni. Hakukimbia, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, lakini kufika kwenye mabanda watu waliisha, na akakimbia.

Barafu alikuwa nje ya geti, kwenye jua kali, bila koti. Bila lile koti alionekana mwembamba na mdogo wa umri. Jasho lilikuwa linamtiririka, na alikuwa anajifuta kwa kofia. Alipomwona aliiweka kofia kichwani, kisha akaivua tena.

"Samahani, dada," alisema. "Tunafahamiana?"

"Mpumbavu wewe," alisema Rula.

"Basi tunafahamiana."

"Umeacha kazi! Nani alikutuma? Nilikuwa nimeshaiokoa!"

"Ulisema ungenitukana. Nilikuwa nayasubiri matusi."

Alitaka kumtukana zaidi, akakuta maneno yameisha. Alilia, hadharani, mbele ya mlinzi wa geti, ambaye kwa heshima aligeuka akaanza kukagua kufuli ambalo halikuwa na tatizo. Barafu hakumgusa. Alisimama karibu tu, akimtazama kwa yale macho yaliyotulia, na safari hii hayakushuka kwenye viatu.

"Pale ofisini nilikuwa na hofu," alisema. "Sitakuambia vingine. Nilikuona umesimama, nikajua unanisubiri, na kinywa hakikufunguka. Siku mbili nimeishi na hilo. Nikaona nikilizoea hilo, nitazoea na mengine."

"Mama yako umemwambia?"

"Jana."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama wewe kazi bado unayo. Nikasema unayo. Akasema, si walisema kila nyumba itabaki na mtu mmoja kazini? Basi nyumba yetu inaye."

Rula alijifuta uso kwa aproni. Ilinuka majani mabichi.

"Na ukikosa kazi nyingine?"

"Nitakosa kwa muda, kisha nitapata. Kule soko la samaki wana majokofu. Nitaulizia Jumatatu." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa glavu za sufu, zimepangwa kidole kwa kidole kama alivyokabidhiwa. "Koti nimelirudisha, na buti. Hizi hazikuwa kwenye orodha yao. Nilizinunua mimi."

Rula alizichukua. Alizivaa hapo hapo, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, jua lile lote likiwaka.

Kengele ya kurudi kazini ililia. Alimwambia amsubiri saa kumi na moja, palepale, na akae kivulini asije akayeyuka, kisha akarudi kwa njia ya ofisi.

Bibi Miwani alikuwa anafunga mafaili. Aliinua uso, akamwona binti wa meza ya tatu amesimama kizingitini na glavu za baridi mikononi.

"Nini tena?"

"Fomu yangu, mama. Naomba kurekebisha."

"Swali la tisa nimeshalirekebisha mwenyewe."

"Si la tisa. La sita," alisema Rula. "Niliandika wananitegemea wawili. Nilikosea, mama. Ni wanne."